Zimo, Ziko, Zipo: Uhakiki wa Uthibitisho Mfupi Kuhusu Sifuri za Mifululizo ya Eisenstein

1. Utangulizi

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kushughulikia riwaya, tamthilia na ushairi. Maandishi ya hisabati huachwa pembeni kwa hoja kwamba hayana fani ya kuchambuliwa: uthibitisho ama ni sahihi ama si sahihi, na hilo likishajulikana hakuna la kuongeza. Hoja hiyo haitoshi. Uthibitisho nao ni utungo. Una mtunzi, una mpangilio, una jambo linalotangulizwa na jambo linalocheleweshwa, na una msomaji ambaye lazima aridhike. Unatofautiana na tungo nyingine kwa jambo moja: msomaji wake ana haki ya kudai sababu katika kila hatua.

Utungo unaochambuliwa hapa ulitolewa mwaka 1970 katika juzuu la 2 la Bulletin of the London Mathematical Society. Waandishi wake ni F. K. C. Rankin na H. P. F. Swinnerton-Dyer. Ni makala ya kurasa mbili tu, yanayoeleza ni wapi mifululizo ya Eisenstein, ambayo ni aina mojawapo ya maumbo ya moduli, inakuwa sifuri. Zaidi ya miaka 50 imepita, na makala hayo bado hutajwa kila mara suala hilo linapojadiliwa. Maswali ya uhakiki huu ni mawili. Kwanza, ni kitu gani katika utungaji wake kinachoyawezesha kusema mengi kwa maneno machache kiasi hicho? Pili, je, Kiswahili kinaweza kukibeba kitu hicho chenyewe, au kinaweza kubeba majina yake tu?

Swali la pili lina uzito wake katika Kongo. Vyuo vikuu vya nchi hufundisha hisabati kwa Kifaransa. Mjini Lubumbashi wasemaji wengi wa Kiswahili hutaja bei, tarehe na miaka kwa Kifaransa hata katikati ya sentensi za Kiswahili. Mwanafunzi aliyekulia katika hali hiyo huweza kuamini kwamba lugha yake inahesabu hadi mahali fulani, kisha inanyamaza na kuiachia lugha nyingine kazi ya kufikiri. Imani hiyo haikanushwi kwa hotuba. Inapimwa kwa kuchukua uthibitisho halisi na kuutazama ukisemwa.

2. Maudhui: jambo linalothibitishwa

Namba changamano huchorwa kama nukta katika bapa, na nukta zilizo juu ya mstari wa namba halisi ndizo nusu ya juu ya bapa hilo. Umbo la moduli ni funksioni, yaani kanuni inayoipa kila nukta ya nusu hiyo namba changamano moja, tena kanuni yenye ulinganifu wa pekee. Nukta z ikisogezwa hatua moja kulia, ikawa z + 1, thamani haibadiliki. Nukta z ikigeuzwa kuwa −1/z, thamani huzidishwa kwa z iliyopandishwa hadi kipeo cha k. Namba hiyo k huitwa uzito wa umbo, nayo hapa ni shufwa. Funksioni hiyo hutakiwa pia iwe holomofiki, isiyo na mpasuko wala mlipuko mahali popote, na thamani zake zisikue bila mpaka z inapopanda juu bila mwisho.

Kwa sababu ya ulinganifu huo, hakuna haja ya kuitazama nusu nzima ya bapa. Sehemu moja inatosha kueleza nyingine zote, nayo huitwa eneo la msingi. Ni ukanda ulio kati ya −1/2 na 1/2, juu ya duara lenye kitovu chake kwenye 0 na nusukipenyo cha 1. Sakafu ya ukanda huo si mstari ulionyooka bali ni tao la duara. Kwenye tao hilo kuna nukta mbili za kukumbukwa: nukta i, iliyo katikati kwenye pembe ya nyuzi 90, na nukta ρ, iliyo kwenye kona ya kushoto kwenye nyuzi 120. Nusu ya kulia ya tao ni kivuli cha nusu ya kushoto, hivyo hesabu hufanywa kwenye nusu ya kushoto peke yake, yenye upana wa nyuzi 30.

Mfululizo wa Eisenstein wa uzito k, kuanzia 4 na kuendelea, huundwa kwa njia nyepesi kueleza. Huchukuliwa kila jozi ya namba kamili c na d zisizo na kigawo cha pamoja kinachozidi 1. Huundwa namba cz + d. Hupandishwa hadi kipeo cha −k. Kisha zote hujumlishwa na jumla yake hugawanywa kwa 2. Gotthold Eisenstein, mwanahisabati Mjerumani ambaye mifululizo hii imepewa jina lake, aliishi kati ya 1823 na 1852.

Swali ni hili: katika eneo la msingi, funksioni hiyo inakuwa sifuri wapi? Katika miaka ya mwanzo ya 1960 K. Wohlfahrt alithibitisha kwamba kwa uzito wa 4 hadi 26 sifuri zote zinalala juu ya tao la sakafu, akakisia kwamba ndivyo ilivyo kwa kila uzito. R. A. Rankin, profesa wa Chuo Kikuu cha Glasgow, akausogeza mpaka huo mbele kidogo. Msomaji asimchanganye huyu na F. K. C. Rankin wa makala ya 1970. Ndipo zikaja kurasa mbili zilizomaliza kazi kwa kila uzito kwa mara moja.

3. Idadi hutangulia msako

Siri ya kurasa hizo imo katika kanuni ambayo waandishi hawakuibuni, bali waliikuta. Kanuni hiyo inasema kwamba umbo la moduli la uzito k lina sifuri ambazo jumla yake, zikihesabiwa ipasavyo, ni k ikigawanywa kwa 12. Maneno "zikihesabiwa ipasavyo" yanahitaji ufafanuzi. Sifuri iliyo kwenye i huhesabiwa nusu. Sifuri iliyo kwenye ρ huhesabiwa theluthi. Sifuri iliyo kule juu kusiko na mwisho huhesabiwa moja, na kadhalika sifuri nyingine zote.

Nusu na theluthi hizo zina sababu yake. Kanuni hupatikana kwa kuzunguka mpaka wa eneo la msingi na kuhesabu thamani ya funksioni inajizungusha mara ngapi. Nukta i imekaa juu ya mpaka wenyewe, hivyo kiduara kidogo kinachoizunguka kina nusu tu ndani ya eneo. Kwenye ρ pembe ya eneo ni nyuzi 60, yaani sudusi ya duara, na kona ya kulia iliyo kivuli chake ina sudusi nyingine; sudusi mbili ni theluthi. Sehemu hizo, kwa hiyo, zinatokana na umbo la eneo lenyewe.

Mwanafunzi wa Kongo atakutana na kanuni hii kwa Kifaransa katika sura ya 7 ya kitabu cha Jean-Pierre Serre, Cours d'arithmétique, ambacho kwa sadfa kilitolewa mwaka uleule wa 1970. Aangalie jambo moja asije akadhani vitabu vinapingana: kile ambacho wengine huita uzito k, Serre hukiandika 2k. Kwa hiyo kwake mgawanyo ni kwa 6.

Umuhimu wa kanuni hii kwa utungaji ni mkubwa. Mtu anayetafuta kitu bila kujua idadi yake hawezi kujua wakati wa kuacha. Hata akipata vingi, huenda kimoja kimebaki mahali asikopita. Anayejua kwamba anatafuta vitu viwili huacha kutafuta mara apatapo cha pili. Rankin na Swinnerton-Dyer hawakuhitaji kuonyesha kwamba nje ya tao hakuna sifuri. Walihitaji tu kuonyesha kwamba juu ya tao zinapatikana za kutosha, na idadi yenyewe ikakataza nyingine kuwapo kwingineko.

4. Fani: mpangilio wa uthibitisho

Uthibitisho wenyewe una hatua tatu, na kila hatua inaiandalia njia ile inayofuata.

Hatua ya kwanza ni kuigeuza thamani ya funksioni kuwa namba halisi. Juu ya tao nukta z imefungwa na pembe yake peke yake, iitwe θ. Waandishi huizidisha thamani ya mfululizo kwa namba yenye ukubwa wa 1, ambayo haiwezi kuzalisha sifuri wala kuifuta, nayo huchaguliwa kwa namna ambayo c na d zinasimama sawa, moja kila upande. Baada ya hapo kila kiungo cha jumla kina pacha wake aliyebadilishana nafasi za c na d, na viungo hivyo viwili vikijumlishwa sehemu isiyo halisi hufutika. Kinachobaki ni funksioni halisi ya pembe. Faida yake huonekana mara moja: funksioni halisi isiyokatika, ikiwa chanya mahali na hasi mahali pengine, lazima ipitie sifuri kati ya mahali hapo pawili.

Hatua ya pili ni kutenga kiungo kikuu. Jozi ambazo c au d ni 0 hutoa kwa pamoja mara mbili ya kosaini ya kθ/2. Funksioni hiyo kila mtu anaijua: inapanda hadi 2, inashuka hadi −2, na inapanda tena kwa hatua zilizo sawa. Viungo vyote vilivyosalia, visivyo na mwisho wa idadi, huitwa baki. Waandishi huonyesha kwamba kuanzia uzito wa 12 ukubwa wa baki haufiki 1.04 popote juu ya tao. Kwa hiyo pale kosaini inapofika 2 jumla hubaki chanya, na pale inapofika −2 jumla hubaki hasi. Baki linaweza kuisukuma sifuri huku au kule, lakini haliwezi kuiondoa.

Hatua ya tatu ni hesabu ya kidole. Uzito huandikwa kuwa 12n + s, ambapo s ni 0, 4, 6, 8, 10 au 14. Sehemu ya s inazilazimisha sifuri fulani kukaa kwenye i na kwenye ρ, kwa sababu nusu na theluthi haziwezi kupatikana kwa njia nyingine. Zinazobaki kutafutwa ni n. Na kwenye tao, katika kila hali kati ya hizo sita, nukta ambazo kosaini inafika kileleni au bondeni ni n + 1. Kati ya nukta n + 1 zenye alama zinazopishana kuna mapengo n. Kila pengo lina sifuri. Na n ndiyo idadi iliyokuwa ikitafutwa. Uthibitisho unaishia hapo.

Mfano mmoja unatosha. Chukua uzito wa 24. Kanuni inasema jumla ya sifuri ni 24 ikigawanywa kwa 12, yaani 2. Kiungo kikuu ni mara mbili ya kosaini ya 12θ. Kwenye nyuzi 90 kina thamani ya 2. Kwenye nyuzi 105 kina −2. Kwenye nyuzi 120 kina 2 tena. Baki halifiki 2, hivyo alama za jumla ni chanya, hasi, chanya. Sifuri moja ipo kati ya nyuzi 90 na 105. Nyingine ipo kati ya nyuzi 105 na 120. Zilikuwa mbili, zimepatikana mbili. Hakuna ya tatu iliyojificha.

Kinachostahili sifa katika fani hii ni uchumi unaotokana na kuweka mambo mahali pake. Hakuna hatua inayorudiwa, wala hakuna kadirio lililo kali kuliko linavyohitajika. Mtunzi mwingine angetaka kuonyesha kwamba baki ni dogo sana. Lakini si dogo. Kwenye nyuzi 120 kiungo kimoja cha baki, kile ambacho c na d zote ni 1, kina thamani ya 1 kamili kwa kila uzito, hata uzito uwe mkubwa kiasi gani. Waandishi hawakulalamikia hilo. Waliona kwamba kwa kazi yao 1.04 ni pungufu ya 2, na hiyo inatosha. Kujua kiasi gani kinatosha ni sehemu ya ustadi wa uandishi wa aina yoyote.

5. Mipaka na kasoro

Sifa hizo zisimfumbe msomaji macho. Ufupi wa makala una gharama, na gharama hiyo hulipwa na msomaji asiyekuwa na mwalimu karibu.

Kwanza, nguvu ya uthibitisho haimo yote ndani ya kurasa mbili. Sehemu kubwa imo katika kanuni ya mgawanyo kwa 12, ambayo msomaji anachukuliwa kuwa anaijua. Atakayesoma makala haya bila kanuni hiyo ataona mapengo n na sifuri n, lakini hataelewa kwa nini kazi imekwisha. Huu ni ufupi wa mtu anayesimama juu ya ngazi iliyojengwa na wengine. Si aibu, lakini ni lazima ngazi itajwe wakati wa kufundisha.

Pili, matokeo haya huweza kuzaa dhana potofu kwamba sifuri za maumbo yote ya moduli hujipanga juu ya tao. Sivyo. Umbo la Δ, lenye uzito wa 12 na linalohusishwa na jina la Ramanujan tangu makala yake ya mwaka 1916, halina sifuri hata moja katika nusu ya bapa: kanuni inalipa sifuri moja, nayo yote iko kule juu kusiko na mwisho. Maumbo yanayokuwa sifuri kule juu huitwa maumbo ya ncha. Kati yake, yale yanayoheshimu kanuni za Hecke yana tabia iliyo kinyume kabisa na ya Eisenstein. Mwaka 2005 Zeev Rudnick alionyesha kwamba sifuri zake zingetawanyika katika eneo lote kwa usawa endapo kisio fulani kuhusu mtawanyo wa thamani za maumbo hayo lingekuwa kweli. Mwaka 2010 ukatolewa uthibitisho wa Roman Holowinsky na Kannan Soundararajan wa kisio hilo. Usawa huo hupimwa kwa jiometria ya nusu ya juu ya bapa, wala si kwa rula ya kawaida. Mwaka 2012 Amit Ghosh na Peter Sarnak walionyesha kwamba hata hivyo baadhi ya sifuri hizo hushikamana na mistari maalumu, na idadi yake huongezeka uzito unapoongezeka. Mifululizo ya Eisenstein, basi, ndiyo isiyo ya kawaida. Nidhamu yake inatokana na kiungo kikuu kimoja kinachotawala vingine, na maumbo ya ncha hayana mtawala wa namna hiyo.

Tatu, makala yanasema sifuri zipo kati ya nukta gani na gani, lakini hayasemi ni namba za aina gani. Hapo kuna jambo la kushangaza ambalo kurasa mbili hazina nafasi nalo. Mfululizo wa uzito wa 12 una sifuri moja juu ya tao. Kuna funksioni maarufu inayoitwa j, isiyobadilika kabisa katika ulinganifu uliotajwa, na thamani ya j kwenye sifuri hiyo ni 432000 ikigawanywa kwa 691. Namba 691 ni tasa na haigawanyi 432000, hivyo thamani hiyo si namba kamili. Mwaka 1937 Theodor Schneider alithibitisha kwamba kama z na j yake zote mbili ni majawabu ya milinganyo ya vipeo yenye namba kamili, basi z lazima iwe jawabu la mlinganyo wa kipeo cha pili. Lakini z ikiwa hivyo, j yake ikitokea kuwa sehemu ya namba mbili kamili, haina budi kuwa namba kamili yenyewe. Hii ya sasa si kamili. Basi sifuri hiyo si jawabu la mlinganyo wowote wa namna hiyo: ni namba ya kundi moja na ile pai ya duara. Mwaka 2003 Winfried Kohnen alionyesha kwamba ndivyo zilivyo sifuri zote za mifululizo ya Eisenstein katika eneo la msingi, isipokuwa zile zilizo kwenye i na kwenye ρ. Mahali pa sifuri panajulikana kwa uhakika, na bado hapaandikiki kwa mlinganyo wa vipeo.

6. Lugha ya mahali

Sasa swali la Kiswahili. Jibu la haraka hutazama istilahi, na kusema ama zipo ama hazipo. Nyingi zipo: namba tasa, shufwa na witiri, kipeo, mlinganyo, tao, nusukipenyo. Neno sifuri lenyewe lina ukoo wa heshima, kwani ni lilelile la Kiarabu lenye maana ya utupu lililozaa zéro na chiffre za Kifaransa. Nyingine hukopwa na kuvikwa vazi la Kiswahili, kama funksioni na holomofiki, bila madhara. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, kazi inayoonyesha kwamba istilahi zikitafutwa hupatikana. Lakini orodha ya majina haifikiri. Kinachofikiri ni sentensi, na hapo ndipo Kiswahili kinapaswa kupimwa.

Chukua neno zéro lenyewe. Kifaransa hutumia neno hilohilo kwa namba 0 na kwa nukta ambapo funksioni inafikia 0. Mwanafunzi anayeanza hudhani "sifuri ya funksioni" ni kiasi fulani, kumbe ni mahali. Kiswahili kina ngeli nzima ya mahali, na humruhusu mwandishi kusema "mahali pa sifuri" na "mahali funksioni inapokuwa sifuri". Upatanisho wa pa- na kiambishi -po- humkumbusha msomaji kila mara kwamba kinachotafutwa ni pahali wala si kiasi.

Zaidi ya hapo, sarufi hutofautisha mahali pa aina tatu: mo kwa ndani, ko kwa mahali pasipo dhahiri, po kwa mahali palipo dhahiri. Uthibitisho wa Rankin na Swinnerton-Dyer unapita katika njia hizo tatu kwa utaratibu. Kanuni ya mgawanyo kwa 12 inasema kwamba sifuri zimo: ndani ya eneo la msingi kuna kiasi hiki, hazizidi wala hazipungui, ila haijulikani ni nukta zipi. Kisio la Wohlfahrt linasema kwamba ziko: upande wa tao, huko sakafuni, ndiko pa kuelekea. Mabadiliko ya alama yanasema kwamba zipo: hapa, kati ya nyuzi 90 na 105, ipo moja. Mwanafunzi anayeshika tofauti ya maneno hayo matatu ameshika mifupa ya uthibitisho kabla hajaandika alama hata moja.

Dai hili lisivutwe kupita kiasi. Kifaransa nacho kina njia za kusema ndani, kuelekea na hapa hasa, na Kiswahili nacho kinaweza kusema "funksioni ina sifuri mbili" bila kutaja mahali. Sarufi haithibitishi kitu. Tena wasemaji wenyewe hawatumii viambishi hivyo kwa namna moja. Katika Kiswahili cha mazungumzo cha Lubumbashi umbo la -ko limepanuka, likafanya hata kazi ambayo Kiswahili sanifu hukiachia "ni". Hilo si kosa. Ni mfumo wa lugha hai wenye kanuni zake. Lakini mwandishi wa sayansi anayehitaji tofauti hiyo atalazimika kuichagua kwa makusudi, na kuieleza, kama vile mwanahisabati Mfaransa anavyolazimika kueleza anapoandika 2k badala ya k.

Kuna pingamizi la mwisho: kwamba hisabati ni alama, na maneno ni mapambo yanayozizunguka. Makala ya 1970 yenyewe yanalikanusha pingamizi hilo. Alama hutoa kiungo kikuu na kadirio la baki. Kinachofunga uthibitisho ni hoja inayosemeka kwa maneno matupu: zilizotakiwa ni kadha, zimepatikana kadha, basi hakuna nyingine. Hoja hiyo mchungaji anaijua anapohesabu mbuzi zizini jioni. Haihitaji istilahi hata moja.

7. Hitimisho

Uthibitisho huu ni mfupi kwa sababu idadi imetangulia msako, na kwa sababu waandishi wake walijua kiasi gani cha usahihi kinatosha. Una mipaka: unategemea kanuni usioieleza, na matokeo yake hayahusu maumbo ya ncha. Mwalimu anayeutumia hana budi kutaja mambo yote mawili.

Kuhusu Kiswahili, uchambuzi unaonyesha kwamba kikwazo hakimo katika sarufi, na kwa sehemu kubwa hakimo katika msamiati pia. Kinachokosekana ni maandishi: thibitisho zilizoandikwa kwa ukamilifu, zikasomwa, zikakosolewa na kuandikwa upya. Idara za Kiswahili na za hisabati katika vyuo vikuu vya Kongo zinaweza kuanza na kurasa mbili, kama hizi. Zikishaandikwa, itaonekana wazi ni istilahi zipi zinazohitajika kweli, na zipi zilikuwa zikitafutwa tu ili kazi isianze.